Upande wa Baba

Hounslow, London
12 Desemba 1996

Dada yangu Adventina,

Barua yako ya Oktoba niliipata. Unalalamika kwamba zangu ni fupi kama risiti. Leo nitajitahidi, maana leo nina la kusimulia.

Mwezi wa tisa, ndani ya treni, nilisikia wazee wawili wakibishana kwa Kicheki. Tangu nimalize chuo kule Brno na kurudi nyumbani, miaka kumi sasa, sijaisikia lugha ile mdomoni mwa mtu. Walikuwa wanabishana uyoga upikwe vipi. Sijui nini kilinisukuma, nikawaambia kwa Kicheki kwamba wote wawili wamekosea, uyoga ule bila kisibiti ni bure. Yule bibi aliniangalia, akatazama nyuma yangu kumtafuta aliyesema, kisha akacheka mpaka akapitwa na kituo chake.

Anaitwa Bi Vlasta. Alikimbia kwao mwaka 1948 akiwa msichana, na hapa Acton anaongoza kikundi cha Wacheki wenzake wanaokutana Jumapili kwenye ukumbi wa kanisa. Wanaimba, wanaonyesha michezo ya vikaragosi, wanakula keki za plamu, wanagombana juu ya nchi waliyoiacha. Sasa na mimi nimo. Kule uwanja wa ndege ninakopakia trei za chakula, msimamizi wangu mwaka wa tatu huu ananiita Terry. Kwa Wacheki mimi ni Telesfor, jina kamili, japo wanaliandika kwa f, na nikichelewa wanauliza niko wapi.

Tarehe tano wana sikukuu ya watoto, Jioni ya Mtakatifu Nikolai. Askofu Nikolai anaingia na fimbo na kofia ya dhahabu, ana malaika wake na msafara wake, anawauliza watoto kama walikuwa wema, anagawa machungwa. Nami nilicheza. Nilipewa nafasi kubwa, dada. Bila mimi mchezo haunogi. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele.

Mbusu Kemilembe. Mwambie baba yake anahangaikia karatasi za kumleta.

Mdogo wako,
Telesphor


Bukoba
19 Januari 1997

Mdogo wangu,

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Hukusema wazi kwa ajili ya unyenyekevu wako, lakini mimi nimekulea tangu mama atutoke, nakujua. Wewe ndiye askofu! Nani mwingine apewe nafasi ambayo bila yeye mchezo haunogi? Ulianza kutumikia misa hata chetezo hujaweza kukiinua.

Nimemwambia Paroko. Alifurahi sana. Akasema, "Katekista, familia yenu imepata askofu, na mimi hapa hata umonsinyori sijauona."

Na mtoto wako! Anatembea uani na mpini wa ufagio, kichwani boksi la biskuti, anabariki kuku. Jogoo amekataa kubarikiwa. Kila mgeni akiingia anaambiwa, "Baba yangu ni askofu wa watoto wa Ulaya." Tangu mama yake afariki sijamwona akiringa namna hii. Kwa hilo tu nakushukuru.

Anauliza kofia ikoje na fimbo ina urefu gani. Usisahau kujibu, ananisumbua.

Dada yako,
Adventina


Hounslow
23 Februari 1997

Philemon, ndugu yangu,

Hili siwezi kumwandikia mtu mwingine. Tuliishi chumba kimoja Brno, unaijua ile jioni ya tarehe tano Desemba. Unajua kwamba Nikolai hatembei na malaika tu. Anatembea na čert, shetani mwenye pembe na minyororo na gunia la kutilia watoto watundu. Na unajua čert hupakwa masizi usoni.

Ndiyo mimi.

Kule hosteli walituomba sote wawili, unakumbuka. Wewe ulikataa ukafunga mlango, mimi nikacheka nikaenda. Safari hii pia. Tom, fundi wao wa jukwaa, mtu mwema, ndiye aliyenitafutia chumba ninachokaa, alinitazama akasema, "Telesfor, ukiwa wewe, hata masizi hatutahitaji." Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena wa kwanza.

Kibaya ni kwamba nilipenda. Nikinguruma watu wanaruka. Hapa London hakuna anayegeuka nikipita. Jioni ile watoto wa ukumbi mzima walinitazama mimi tu, hata askofu walimsahau. Bi Vlasta alinikumbatia akasema tangu waje Uingereza hawajapata čert wa namna yangu.

Sasa dada anaamini mimi ndiye askofu. Sikumdanganya kwa neno, nilinyamaza tu pale nilipopaswa kusema. Dada ni katekista, Philemon. Nitamwambiaje kwamba nacheza Shetani? Čert wao ni kama zimwi la hadithi, mjinga anayekimbizwa na kengele, lakini hilo nitalielezaje kwenye karatasi? Paroko ameshaambiwa. Na mtoto anabariki kuku.

Nishauri.

Telesphor


Mwanza
30 Machi 1997

Telesphor,

Mwandikie leo. Atakasirika, kisha atacheka. Ukingoja mwaka, hatacheka.

Kuhusu kucheza sikuhukumu. Mimi sikufunga mlango kwa akili, nilifunga kwa hasira, kisha nikakaa kitandani nikiwasikia mnavyofurahi. Wewe ni mtu mzima, umechagua. Mtoto hakuchagua. Usimwingize.

Kiwanda kinaendelea. Bia yetu bado si kama ile ya kule, lakini haina aibu.

Philemon


Hounslow
14 Desemba 1997

Dada Adventina,

Samahani kwa ukimya. Uliuliza juu ya kofia na fimbo. Kofia ni ya dhahabu na mbele ina msalaba mwekundu. Fimbo ni ndefu kupita mtu.

Mwaka huu tena tumecheza salama. Naomba msilizungumze sana huko, ni mchezo wa watoto tu.

Viatu vya Kemi nimempa padre mmoja anayekuja Kagera. Kama vinambana, aniandikie.

Telesphor


Bukoba
22 Agosti 1999

Mdogo wangu,

Kwa hiyo watu wa uhamiaji kule Croydon wamekubali. Niliposoma nilikaa chini palepale mlangoni. Nimefurahi, na nimeumia, usiniulize kipi kimezidi. Nimekaa na mtoto huyu tangu akiwa na miaka mitano. Anajua nywele zangu zinavyotaka kusukwa, anajua nikinuna nataka nini. Haya, ni mwanao. Atasafiri na Sista mmoja anayekwenda masomoni.

Ndani ya sanduku lake nimeweka kasula, vazi la misa. Nimeishona mwenyewe, kitambaa cheupe kilichobaki kwenye jubilei ya parokia, pindo nimelitarizi kwa uzi wa njano, zabibu na ngano. Vipimo nimekisia kwa mabega ya marehemu baba. Sitaki uvae nguo za kuazima tena mbele ya watoto wa watu. Kemi ameibeba yeye, hataki hata Sista aiguse. Anasema atakuvika kwa mikono yake.

Mtunze. Akinyamaza sana ujue ana jambo.

Adventina


Hounslow
17 Oktoba 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Hapa ndege zinapita juu ya nyumba chini sana mpaka vikombe vinatetemeka. Baba anasema nitazoea. Rafiki yangu anaitwa Champa, anakaa jirani. Mama yake alizaliwa Kampala na ananiita "mtoto ya Bukoba". Kiswahili chake kinanichekesha lakini sicheki mbele yake.

Baba ni mwembamba kuliko kwenye picha. Anatoka kwenda kazini mimi nimelala, nikirudi shule yeye ndiyo analala. Kwa hiyo tunaandikiana vikaratasi mezani. Jana aliandika, "Umekula? Usidanganye." Nikaandika, "Nimekula. Ndizi za hapa ni tamu kama dawa ya kikohozi."

Jumapili tunakwenda kwa Wacheki. Bi Vlasta amenifanya malaika! Nitakuwa na mabawa na kengele. Kazi yangu ni hii: shetani akizidi kutisha watoto, mimi napiga kengele, yeye anakimbia. Nilimuuliza nani atakuwa shetani, akaweka kidole mdomoni. Nadhani ni Tom, maana anapenda utani.

Kasula nimempa Baba. Aliishika muda mrefu, akapapasa zile zabibu. Nilimwambia ajaribu, akasema siku ikifika. Ameikunja ameiweka chini ya kitanda isichafuke.

Wasalimie kuku wote, hata jogoo.

Kemilembe


Hounslow
9 Desemba 1999

Dada,

Jioni ya Nikolai imepita. Kemi alikuwa malaika, alipendeza. Nina shifti mbili mfululizo, nitaandika nikipata nafasi.

Telesphor


Hounslow
12 Desemba 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua unangoja habari.

Baba alikuwa askofu mzuri sana. Alivaa kasula uliyoshona, ikamkaa kama alipimwa. Kila mtu aliuliza nani ameshona nikasema ni shangazi yangu. Alikuwa na kofia ya dhahabu yenye msalaba mwekundu, na fimbo ndefu kupita mtu. Alitembea polepole. Mtoto mmoja alimbusu pete. Baba alimwuliza kila mtoto jina lake na akawapa machungwa.

Shetani alikuwa mtu mwingine, simjui. Nilipiga kengele akakimbia.

Usimwandikie Baba maswali mengi juu ya siku hiyo. Anachoka sana na kazi.

Mtoto wako,
Kemilembe


Bukoba
16 Januari 2000

Mdogo wangu mpenzi,

Kumbe wewe huwezi kusimulia, mwanao anaweza! Barua ya Kemi nimeisoma mbele ya jumuiya nzima, kina mama wametoa vigelegele. Aliposema kasula ilikukaa kama ulipimwa, nililia bila aibu. Miaka yote hii nikijiuliza kama nilikulea sawasawa, mtoto mdogo asiye na mama, nami mwenyewe bado msichana. Sasa nimejibiwa.

Paroko ameomba barua akaisome Kwaresima kwa watoto wa komunyo ya kwanza, wajifunze unyenyekevu wa askofu anayeuliza kila mtoto jina lake.

Mungu akuzidishie.

Adventina


Hounslow
6 Februari 2000

Philemon,

Ulisema nisimwingize mtoto. Nimemwingiza.

Nilikusudia kumwambia kabla ya siku yenyewe. Kila nilipoketi naye aliuliza lini nitajaribu kasula, nikashindwa. Nikajidanganya kwamba chini ya pembe na ndevu za bandia hatanijua. Nilipoingia nikinguruma, watoto wakapanda juu ya viti, mmoja akajikojolea. Kemi alikuwa amesimama pembeni ya askofu na mabawa yake ya karatasi. Nilimsogelea kama mchezo unavyotaka. Alinitazama machoni. Alitakiwa apige kengele nikimbie. Hakupiga. Bi Vlasta akamnong'oneza, ukumbi mzima ukampigia kelele, "Piga! Piga!" Ameishika tu kengele kwa mikono miwili. Mwishowe nikakimbia mwenyewe, bila kengele.

Nyumbani aliandika kikaratasi, "Nimelala." Basi.

Sasa dada ameniletea barua. Kemi amemwandikia kwamba nilikuwa askofu. Kasula, kofia, pete, kila kitu. Ile kofia ya dhahabu yenye msalaba mwekundu ni maneno yangu mwenyewe ya mwaka tisini na saba. Mtoto wa miaka kumi na moja amenifunika kama mtu anavyomfunika mlevi barabarani asionekane na majirani.

Nifanye nini? Nikimwambia dada ukweli, Kemi ataonekana mwongo. Nikinyamaza, ataendelea kuubeba. Nimeamua jambo moja tu: sitacheza tena. Jumapili tunakaa nyumbani.

Telesphor


Hounslow
10 Desemba 2000

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii usiisome jumuiyani.

Mwaka jana nilikudanganya. Baba hakuwa askofu. Baba ndiye shetani wa ule mchezo, tangu mwanzo. Kasula yako haijavaliwa hata siku moja. Nilikuandikia vile kwa sababu nilijua utauliza, na sikutaka uache kumpenda. Niliungama. Padre wa hapa alinipa Salamu Maria tatu tu, nadhani hakuelewa Kiingereza changu.

Mwaka huu Baba alisema hachezi tena, na kwa Wacheki tuliacha kwenda. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Jumapili alikuwa anakaa dirishani amevaa viatu, kama mtu anayetaka kutoka. Mwezi wa kumi na moja Bi Vlasta alianguka akavunjika nyonga. Tom akaja nyumbani, akasema bibi yuko hospitali na swali lake ni moja tu, nani atakuwa čert. Baba akakubali.

Mimi nikamfuata Tom kwenye ngazi. Nikamwambia sitaki kuwa malaika, nataka kuwa shetani mdogo. Tom akasema wazo zuri, akaniahidi pembe na mkia. Tukafanya siri ili Baba ashtuke.

Shangazi, nilitaka asiwe peke yake upande ule. Malaika ni wengi, askofu ana wasaidizi, Baba tu ndiye anayefukuzwa na ukumbi mzima. Nilifikiri tukiwa wawili tutakimbia pamoja.

Siku ilipofika nilitokea nyuma ya jukwaa na pembe zangu. Baba alikuwa anajifunga minyororo. Tom akasema, "Unaona? Damu moja!" Baba akasimama. Hakucheka. Akazing'oa pembe kichwani kwangu, nywele zikavutika mpaka nikapiga kelele. Akavua na zake akaziweka chini.

Tom akamwambia, "Telesfor, watoto wanaita."

Baba akasema, "Mtafute mwingine."

"Saa hii? Nani?"

"Yeyote. Masizi yapo."

Akanishika mkono tukatoka mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, bado amevaa manyoya ya shetani, kituoni watu wanatutazama. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba amenitia aibu. Tangu siku hiyo hata vikaratasi hatuandikiani.

Nadhani hakutaka kuonekana na mimi. Nilifanya mazoezi ya kunguruma mwezi mzima kwa kina Champa, lakini pengine sikufaa.

Kemilembe


Bukoba
14 Januari 2001

Telesphor,

Sikuanza na "mdogo wangu", utaelewa kwa nini.

Kemi ameniandikia kila kitu. Huyo shetani wenu sijamkasirikia. Nimemuuliza Paroko, amesoma Roma, anasema michezo ya namna hiyo iko nchi nyingi na mtu haendi motoni kwa kuvaa pembe. Nilichokasirikia ni mtoto. Amri kumi nimemfundisha kwa mdomo wangu, ukamwacha avunje moja kwa ajili yako, halafu akaenda kuungama peke yake kwa padre asiyemjua. Na wewe ulijua. Nilikuandikia mimi mwenyewe kwamba barua yake imetoa vigelegele, nawe ukakaa kimya mwaka mzima.

Nami nimekosa. Wewe uliandika "nafasi kubwa", aliyekuvika kofia ni mimi. Barua yako iliyofuata niliiona imepoa. Niliona, nikafumba macho, kwa sababu nilipenda kuitwa dada wa askofu pale parokiani. Jumapili iliyopita nimesimama mbele ya jumuiya nikawaambia ilivyo. Mama mmoja alicheka, nikamwacha amalize kucheka, nikaketi.

Lakini hayo ni yangu. Lako ni hili. Mtoto anafikiri ulimwonea aibu. Alivaa pembe asikuache peke yako, ukazing'oa bila neno, na mpaka leo anafikiri hakufaa. Umesikia? Mimi niko mbali, siwezi kumshika. Wewe uko chumba cha pili.

Adventina


Mezani, Ijumaa
2 Februari 2001

Kemi mwanangu,

Naandika kwa sababu nikijaribu kusema nitaanza kukohoa na kutazama dirishani, unanijua.

Shangazi ameniambia unavyofikiri. Sivyo. Sikukuonea aibu hata kidogo. Nilipokuona na zile pembe nilijionea aibu mimi. Tangu nianze nilijiambia ni mchezo, na pengine kwangu ulikuwa mchezo. Nilikuwa mpweke na wale watu walinijua jina. Lakini Tom aliposema damu moja, na kila mtu pale nyuma akatabasamu, nikaona nimekuachia kitu ambacho ningeweza kukikataa siku ya kwanza. Neno moja tu lingetosha. Wangecheka, wakampaka masizi mtu mwingine, na mimi wangenipa kazi ya kugawa machungwa. Sikulisema neno hilo kwa sababu niliogopa wasinialike tena.

Nilikuvua kwa nguvu na sikukueleza. Nisamehe. Nisamehe pia kwa ile barua uliyoandika kwa ajili yangu. Niliijua, nikanyamaza, nikakuacha nayo.

Jana kabla ya kazi nilikwenda hospitali kwa Bi Vlasta. Nilimwambia kwa nini niliondoka. Akasema, "Miaka yote hii hukuniambia." Nikasema, "Na wewe hukuuliza." Akageukia ukutani. Nilidhani amekasirika, lakini nilipoaga hakuniachia mkono. Anakuulizia.

Sijui kama turudi Acton. Sitaki kuamua peke yangu.

Wali uko kwenye sufuria. Usile ukiwa umesimama.

Baba


Mezani, Ijumaa hiyohiyo

Baba,

Nimesoma. Naandika Kiswahili ili ujue sijakasirika sana.

Mimi sikuona aibu kwamba wewe ni shetani. Ulikuwa mzuri, hata mimi niliogopa kabla sijakujua. Mwaka ule niliokuwa malaika niliona kitu kingine. Mchezo umeisha, umeshavua pembe, unakunywa chai. Mpwa wa Tom alilamba kidole akakusugua shavuni aone kama rangi itatoka. Halafu akamwonyesha mama yake kidole, kisafi. Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Nyumbani hujawahi kucheka hivyo. Haikuwa sauti yako. Ndiyo maana nilitaka kuja upande wako. Nilifikiri nikiwepo hutahitaji kucheka.

Kwa shangazi sikuliandika hilo. Usimwambie.

Bi Vlasta nataka kumwona, twende Jumapili. Acton sijui bado. Wengine nawapenda. Tukirudi, mtu akikusugua tena usicheke. Mwambie aache. Nitakuwa nimesimama hapohapo.

Wali nimekula nimekaa.

Ukirudi niamshe, hata kama nimelala kabisa.

Kemilembe